Kwa PUBG Inakaa Nusu Sekunde: Mbona Kuweka Doti Nyekundu Kwa Bastola ya Zamani Inasumbua Hivi?

Umeruka Pochinki, umekimbilia nyumba ya kwanza, na bahati yako leo ni P1911 tu imelala sakafuni. Sawa, unabeba hivyo hivyo. Nyumba ya pili unaokota doti nyekundu, unaivuta juu ya bastola, tik! Imekaa. Hujatafuta skrubu, hujatafuta fundi, hujauliza mtu. Hata P92 inakubali. Nusu sekunde na uko tayari kusumbua mbogi ya watu.

Sasa nikwambie kitu. Kati ya bastola zote ambazo hiyo gemu ingechagua, hizo mbili ni kati ya zile zinaumizanga fundi wa bunduki kichwa. P1911 imetolewa kwa M1911, bunde ambayo jeshi la Marekani liliipitisha Machi 1911, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa mtaa wa reli wenye miaka 12. P92 nayo ni Beretta 92 ya Italia, mtoto wa miaka ya 1970. Waliozichora hawakuwaza hata siku moja kwamba kuna mtu atataka kubandika kioo chenye taa pale juu.

Na usifikiri ni story ya Wazungu na mabunde zao tu. Hata kama hujawahi shika bastola maisha yako yote, majina mawili unayajua kutoka kwa taarifa ya saa moja: Ceska na Jericho. Hizo pia ni mabuda. Tutazifikia.

Hiyo doti ni nini kwanza?

Kwanza tutoe hii njiani: hiyo doti sio leza. (Na sio doti ya leso pia, tulia.) Leza inatupa mwanga mpaka kwa kitu unalenga, na kila mtu aliye pale anaweza kuuona, kama kwa zile muvi jamaa anashtuka kuona alama nyekundu kwa kifua. Doti nyekundu haiendi popote. Inabaki ndani ya kioo, na anayeiona ni yule tu ameshika bunde.

Vile inafanya kazi ni rahisi hadi unajiuliza mbona ilichelewa. Pale chini kuna taa ndogo sana ya LED. Inamulika kioo kilichopinda kidogo na kupakwa rangi maalum ambayo inarudisha mwanga mwekundu na kuachilia rangi zingine zipite. Ndio maana ukiangalia kupitia hicho kioo, dunia inakuwa na kaubuluu hivi. Huo mwanga ukirudi kwa jicho lako, miale yake inakuja imenyooka sambamba, kama inatoka mbali sana. Kwa hivyo jicho linaona doti kama imekaa huko mbali kwa shabaha, sio hapa karibu na mkono. Ukisogeza kichwa kidogo, doti inasogea kwa kioo lakini inabaki palepale kwa shabaha, au karibu sana na hapo.

Wazo lenyewe ni la kitambo. Howard Grubb, fundi wa darubini kutoka Dublin, aliliandikisha mwaka 1900. Marubani wa Vita ya Pili ya Dunia walipigana wakiangalia kupitia vioo vya aina hiyo. Kilichokosekana ni taa ndogo na betri ndogo. Aimpoint ya Sweden ikaleta ya kwanza ya umeme mwaka 1975, lakini hiyo ilikuwa mzigo wa bunduki kubwa. Bastola ilingoja.

Jaribu hii na kidole gumba

Ili uelewe mbona watu wanajisumbua, simama kwa stage. Nyosha mkono, inua kidole gumba, na ukiangalie vizuri. Matatu iliyo nyuma yake imeyeyuka, si ndio? Sasa soma namba ya route kwa hiyo mat. Gumba nayo imefifia, labda imekuwa mbili. Jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri karibu na mbali kwa wakati mmoja. Sio uzembe, ndio limeumbwa hivyo.

Bastola ya kawaida inataka ufanye hiyo hesabu na vitu vitatu. Kuna kipande cha nyuma chenye pengo, kuna kinundu cha mbele, halafu kuna shabaha yenyewe. Hivyo viwili vya kwanza tuviite vilengeo vya chuma. Lazima uvipange mstari mmoja, uangalie kinundu cha mbele, na ukubali kwamba shabaha itakuwa ukungu. Ukikosea kidogo unalipa sana. Kwa M1911 ya saizi kamili, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni kama sentimita 16 na nusu. Kinundu kikienda kando milimita moja tu, milimita moja maze, risasi kwa mita 25 itakuwa imetoka karibu sentimita 15.

Doti inaua hiyo kazi yote. Unaangalia shabaha, macho yote mawili wazi, na doti inajileta. Kwa mtu aliyepita miaka 40, ambaye lenzi ya jicho imeanza kuwa ngumu na anasoma meseji akiwa amenyosha mkono, kile kinundu cha mbele kimekuwa kivuli tu. Doti inamrudisha kwa mchezo.

Lakini haikufanyi mlengaji. Wengi wakiishika mara ya kwanza wanasema doti inatetemeka. Doti haitetemeki. Ni mkono wako, na umekuwa ukitetemeka hivyo siku zote, ni vile chuma haikukuambia. Halafu kuna ile aibu ya kwanza kwa kila mtu: unainua bastola haraka na doti haiko. Kioo kiko wazi kama dirisha la mat. Kifundo cha mkono kimepinda kidogo tu na doti imetoka nje ya fremu ya kioo, sasa unaitafuta kama mtu ameangusha airpod kwa giza. Dawa ni kurudia na kurudia, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili.

Wachezaji walifika kabla ya wanajeshi

Mwaka 1990 kule Adelaide, Australia, kijana Mmarekani anaitwa Doug Koenig alichukua ubingwa wa dunia wa IPSC, ule mchezo wa kukimbia na kulenga, akitumia bastola yenye doti nyekundu. Kabla ya hapo wazee wa mchezo waliiona kama mchezo wa watoto. Baada ya hapo kila mtu alitaka.

Angalia vile hizo bastola za mashindano ziliwekwa, kwa sababu hapo ndio siri iko. Kioo hakikukaa juu ya slaidi, kile kifuniko cha chuma cha juu ambacho kinarudi nyuma kila risasi ikitoka. Waliweka kishikilio kikubwa kwa fremu, ile sehemu ya chini ambayo haisongi, kikapanda juu kama keria ya gari. Slaidi inaenda na kurudi chini ya kioo, kioo kimetulia tu. Kwa mashindano ni sawa kabisa. Lakini hiyo kitu ni pana kama redio, haiingii kwa ala yoyote ya kawaida, na mtu hawezi tembea nayo siku nzima.

Kuifanya iwe ya kubebwa, lazima kioo kikae juu ya slaidi yenyewe. Hapo ndio ngori ilianzia. Slaidi inatupwa nyuma, inagonga, inasimama ghafla, inarushwa mbele, inagonga tena. Yote kabla hujapepesa jicho. Sasa weka taa, waya na betri juu ya hiyo kitu, halafu urudie mara elfu kadhaa. Vioo vya kwanza vilikuwa vinapasuka, vingine doti inazima na kuwaka kwa sababu betri inaruka ndani ya nyumba yake. Mwaka 2009 Trijicon ya Marekani ilitoa RMR, kipande cha alumini cha gramu 34 hivi na betri yake, kikiwa kimechongwa juu na masikio mawili ili kikianguka, pigo liende kwa kona na sio kwa kioo. Hapo ndio watu wengi walianza kuamini kwamba hii kitu inaweza kaa kwa bastola ya kazi.

Kutoka hapo mambo yalikimbia. Glock ilileta MOS mwaka 2015, slaidi iliyochongwa shimo tangu kiwandani pamoja na mabamba ya kukubali vioo vya kampuni tofauti. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola mpya ya SIG Sauer kuchukua nafasi ya Beretta, na hiyo mpya ilikuja na mahali pa doti tayari. Siku hizi ukiona bastola mpya ya maana haina hilo shimo, unauliza kwani imekosa nini.

Mabuda wanabaki wapi?

Mtu ako na M1911 ameachiwa na babake, au Ceska ya miaka ya 80 ambayo haijawahi mkwamia hata siku moja. Anataka doti. Anaambiwa, buda, hapo juu hakuna nafasi.

Shika M1911 kwanza. Juu ni mviringo na nyembamba. Chini ya kilengeo cha nyuma, ndani ya hiyo chuma, kuna matundu mawili marefu: moja la pini inayogonga risasi, lingine la ule mkono mrefu wa chuma unaovuta ganda. Fundi akichimba milimita moja zaidi ametoboa paa la hayo matundu na slaidi imekuwa ya kuuza kwa kilo. Kama ni Colt ya kuanzia 1983, ile wanaita Series 80, kuna kifaa cha usalama pia kimejificha humo ndani. Halafu kilengeo cha nyuma chenyewe kinakaa kwa mfereji uliopanuka chini, kama ule seremala hutumia kushikanisha droo. Ukikitoa, unabaki na pengo katikati kabisa ya mahali kioo kinataka kukaa, na mara nyingine tundu la skrubu linaangukia hapo hapo. Lazima pengo lizibwe kwanza na chuma.

Beretta 92 ndio kichekesho zaidi. Hiyo bunde ukiiangalia kutoka juu haina paa. Slaidi imekatwa wazi na mtutu unaonekana wote, na hiyo ndio sababu moja haikwamishi maganda ovyo. Mabadiliko matamu, lakini chuma iliyobaki ya kushikia kioo ni kipande kidogo tu pale nyuma. Na hapo kwa hicho kipande, kwa 92FS, kuna kidude cha usalama ambacho ukivuta kifyatulio kinainuka kwa mgongo wa slaidi, unakiona na macho. Kioo kikilalia hapo kinakizuia, na kama kimezuiwa, bastola haifanyi kazi. Ongeza hii: kinundu cha mbele cha 92FS ni chuma moja na slaidi. Hakitoki. Ukitaka kirefu zaidi ili kionekane juu ya kioo, fundi lazima akate kile cha zamani na achonge mfereji mpya. Beretta wenyewe walichoka na hiyo vita, wakatengeneza slaidi mpya kabisa kwa toleo la 92X RDO.

Na Ceska? Jina kwanza, kwa sababu nimesikia watu wakibishana. Kampuni inaitwa Česká zbrojovka, na hilo neno la kwanza maana yake ni ya Kicheki tu. Yaani Kenya tumekuwa tukiita bastola jina la nchi yake, kama mtu kuita gari yake Japani. Iliyojulikana zaidi ni CZ 75, na ndio, 75 ni mwaka. Jericho 941 ya Israeli, iliyotoka mwaka 1990, ilizaliwa kutoka kwa mchoro huo huo ikipitia Tanfoglio ya Italia. Ni ndugu.

Kinachofanya hiyo familia ipendwe ndio kinaikosesha doti. Kwa bastola nyingi slaidi inakalia fremu kwa nje, kama mfuniko wa sufuria. Kwa CZ 75 ni kinyume: fremu ndio inameza slaidi, kama droo ndani ya meza. Inafanya mkono ukae karibu na mtutu na teke lipungue. Lakini slaidi inabaki fupi na nyembamba. Ukiikalishia kioo pana kama RMR, mara nyingi kinaning'inia pande zote mbili kama abiria wa mlangoni saa kumi na mbili jioni. Na unapotaka kuchimba chini ili kioo kikae vizuri, chuma ya kuchimba ni kidogo. Kuna vioo vyembamba zaidi siku hizi, vilivyotengenezewa bastola ndogo, na hivyo ndio vinaokoa wengi hapo.

Njia tatu na ile naipenda

Njia rahisi ni ile ya bamba. Unatoa kilengeo cha nyuma, unaingiza bamba kwa ule mfereji wake, kioo kinakaa juu ya bamba. Hakuna kukata, na ukichoka unarudisha vile ilikuwa. Wengi wanaanzia hapo, na wengi wanajuta hapo pia. Kioo kinakaa juu sana. Kikikaa juu, mikono yako inapotea, kwa sababu imezoea kuleta bastola mahali pa chini, kwa hivyo ile shida ya kutafuta doti inaongezeka maradufu. Pia kadiri kioo kinavyopanda juu ya mtutu, ndivyo risasi inagonga chini ya doti ukiwa karibu sana na shabaha. Na mfereji mmoja mdogo ndio umeshika kila kitu wakati slaidi inagonga. Ukilegea, doti inahama na wewe hujui.

Njia ya pili ni kuchonga slaidi kwa mashine, shimo la vipimo vya kioo kimoja maalum. Kioo kinalala chini, kimekumbatiwa na chuma pande zote, skrubu zinabeba mzigo kidogo. Ikifanywa vizuri hakuna inayoishinda. Ubaya ni kwamba hurudi nyuma. Ukichonga ya RMR leo, kesho ukitaka kioo cha kampuni ingine chenye tundu tofauti, pole. Na kama bunde ni ya zamani kweli, yenye namba zake na rangi yake ya kiwandani, umeikata thamani siku hiyo hiyo. Mwenye kukusanya vitu vya kale akiona M1911 ya vita imechongwa mgongo, anasononeka kama mtu ameona Peugeot 504 safi imewekwa spoila ya plastiki.

Ya tatu ni kununua slaidi nyingine iliyochongwa tayari na kuiweka ile ya asili kwa boksi. Ni doh zaidi. Lakini kwa bunde yenye historia, mimi nikiulizwa ndio ningechagua, au niache doti kabisa.

Kuacha pia ni jibu, na watu wanalisahau. Vilengeo vya zamani vilikuwa vibaya kweli. Vya M1911 ya jeshi ni vidogo kama mbegu ya chungwa. Ukiweka vya kisasa, pengo pana nyuma na mbele kitu kinachong'aa, umemaliza nusu ya shida bila kukata chochote cha maana. Kuna vya uzi wa plastiki unaokusanya mwanga wa mchana na kuwaka kijani au nyekundu, vizuri sana jua likiwa linawaka, bure kabisa usiku. Kuna vya tritiumu, gesi inayotoa mwanga wake bila betri. Hiyo inafifia: kila miaka 12 na kidogo, nusu ya nguvu imeenda. Kwa hivyo mtu akikuuzia vilengeo vya usiku vya mwaka 2000, kufikia 2025 vilibaki na kama robo tu. Vinaitwa vya usiku lakini usiku wenyewe haviuoni.

Skrubu mbili ndogo

Ukiuliza mafundi ni nini huharibikanga zaidi, wengi hawatakuambia kioo. Watakuambia skrubu. Ni mbili, ndogo, na ndizo zimeshika mzigo unaogongwa kila risasi. Ukikaza kidogo zinatoka. Ukikaza na hasira zinakatika ndani, na kutoa kipande kilichobaki ni kilio. Fundi mzuri anasafisha mafuta yote kwanza, anaweka gundi ya kushika nyuzi za skrubu, anakaza na kifaa chenye kipimo, halafu anachora mstari mdogo wa rangi kutoka kwa kichwa cha skrubu hadi kwa kioo. Umeona ile rangi kwa nati za tairi za lori? Kazi ni ile ile. Mstari ukivunjika, imelegea.

Urefu pia ni kesi. Kwa Glock, upande mmoja wa shimo uko juu kabisa ya nafasi ya spring inayosukuma kijino cha kutoa ganda. Skrubu ikizidi urefu kidogo tu inabana hapo, na bunde inaanza kukwama bila sababu inayoonekana. Mtu anabadilisha risasi, anabadilisha magazini, anabadilisha spring, kumbe ni skrubu.

Uzito nao, kwa mabuda, sio mchezo. Slaidi ya zamani ilipimwa na spring zake ziende pamoja. Ukiongeza gramu 30 na kitu hapo juu, inasonga polepole kuliko vile mchoraji alipanga, na kwa risasi dhaifu inaweza kosa kumaliza safari. Mara nyingine unabadilisha spring, mara nyingine inajipa tu. Njia ya kujua ni kupiga risasi nyingi uwanjani kabla ya kuiamini.

Betri, karibu nisahau. Nyingi zinatumia CR2032, ile bapa ya remote ya gari. Hiyo namba ni vipimo: 20 ni milimita za upana, 32 ni milimita 3.2 za unene. Kwa RMR ya kwanza betri iko chini, kwa hivyo kuibadilisha unafungua kioo chote kutoka kwa bunde, halafu unarudi uwanjani kuhakikisha doti haijahama. Kampuni zingine ziliweka mlango wa betri kando au juu. Ukiulizwa ni nini muhimu kwa kioo, taja huo mlango kabla ya kutaja rangi ya doti.

Sheria ya hapa

Hapa Kenya bunde ya raia inaenda na Sura ya 114, Firearms Act, na leseni inatoka kwa Firearms Licensing Board. Mambo mawili watu hawajui. Sheria haioni bunduki nzima tu, inaona na vipande vyake. Kwa hivyo ile slaidi ya pili niliyokuambia ya kuweka kwa boksi haibebwi kwa begi kutoka ng'ambo kama kiatu. Uliza bodi kabla, pata karatasi kabla. Na cha pili, kurekebisha bunduki kama biashara ni ya muuzaji aliyesajiliwa. Najua fundi wa Kariobangi anaweza chonga chochote ukimpa mchoro, heshima kwake, lakini hii kazi inamweka ndani yeye na inakuweka ndani wewe. Na kama huna leseni, hii makala ni ya kushinda mabishano ya PUBG, sio ya kitu kingine.

Wenye leseni wanaotaka kujaribu doti bila kukata bunde yao wana njia nzuri: mchezo wa IDPA uko na wachezaji Kenya, na una kundi la wenye doti. Omba mtu akuonyeshe yake uwanjani, ikiwa tupu. Uliza doti yake ni ya MOA ngapi. Hiyo MOA ni pembe, digrii moja iliyogawanywa mara 60. Ya 3 inafunika kama sentimita 2.2 kwa mita 25, ya 6 inafunika 4.4. Kubwa inapatikana haraka, ndogo inalenga vizuri zaidi mbali.

Na ukiangalia ndani ya hicho kioo ukaona sio doti bali ni nyota, au koma, au kitu kama zabibu zilizopondwa, usimwambie mwenyewe kioo chake ni feki. Toa simu, piga picha kupitia kioo. Kama kwa picha doti ni mviringo safi na kwa jicho lako bado ni nyota, huenda una astigmatizimu, jicho halijapinda sawasawa pande zote. Wengi wanaishi nayo miaka bila kujua, wakifikiri taa za magari usiku zinatawanyikanga hivyo kwa kila mtu. Daktari wa macho anaipima kwa dakika chache, na miwani inairekebisha.